Mtoto akichagua fasihi ya Kiingereza



Msimu wa maombi ya vyuo vikuu umewadia tena, na barua zinazoifikia safu hii zimebadilika sura. Miezi michache nyuma zilikuwa za ada na za posho; sasa ni za vijana waliomaliza Kidato cha Sita na wazazi wasiokubaliana nao juu ya lipi wakalisomee. Nyingi tumezijibu kwa ufupi. Hii moja tumeona tuijibu kwa urefu, kwa kuwa jambo lililomo ndani yake linazigusa nyumba nyingi zaidi ya nyumba ya aliyeiandika.

Mwenye barua ni baba, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi katika mmoja wa miji ya mwambao. Binti yake amemaliza tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na amefaulu vizuri. Baba alitaraji sheria. Binti ametamka kuwa anataka fasihi ya Kiingereza, na kama Mwenyezi Mungu atamjaalia nafasi ng'ambo, basi fasihi hiyo pamoja na uandishi bunifu. Baba anauliza mambo mawili: atakula nini, na atarudi akiwa nani? Chini ya saini ya baba, binti naye ameongeza mistari michache kwa mwandiko wake. Anasema amekuwa akiandika hadithi katika madaftari tangu Kidato cha Pili, zote kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha aliyofundishwa kuandikia. Bibi yake, wanayeishi naye nyumba moja, akimkuta ameinamia daftari humwambia, "Nisomee basi, mjukuu wangu, nami nisikie." Naye hukosa la kumsomea.

Tunawashukuru wote wawili kwa kuandika katika karatasi moja. Nyumba ambamo baba na binti wanaopingana bado wanatumia bahasha moja ni nyumba yenye heri.

Tulijibu kwanza la kula, kwa kuwa ndilo jepesi. Shahada ya fasihi haina mlango mmoja ulioandikwa jina lake, kama ulivyo udaktari au uhandisi. Waliohitimu hutawanyika: ualimu, uhariri, uandishi wa habari, tafsiri na ukalimani, mawasiliano katika mashirika na katika ofisi za serikali. Anayekusudia kufundisha sekondari ni vyema aombe tangu mwanzo shahada inayounganisha masomo yake na ualimu, la sivyo atarudi darasani baadaye kutafuta stashahada ya uzamili ya elimu. Ufadhili wa Samia ulianzishwa kwa waliofanya vizuri katika sayansi, hivyo binti wa HKL asiutegemee. Mikopo ya Bodi ina mwongozo wake kila mwaka, nao usomwe wote kwa macho ya mwenyewe, maana ya jirani mara nyingi ni ya mwaka juzi. Ama Uingereza, mwanafunzi atokaye nje hulipishwa ada kubwa kuliko mwenyeji, na tunamwambia baba waziwazi kwamba kuuza kiwanja ili mtoto aliyetoka Kidato cha Sita akasomee uandishi ng'ambo ni jambo tusilolishauri. Shahada ya kwanza ya fasihi ipo hapa nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake. Masomo ya uandishi bunifu yaliyojipatia sifa kubwa huko nje ni yale ya shahada ya uzamili, ambayo mtu huyaendea akiwa ameshajijua, na pengine akiwa na wa kumfadhili.

Hilo la pili, atarudi akiwa nani, ndilo lililotukalisha.

Ili lijibiwe, mzazi hana budi kulijua somo lenyewe, kwani tumeona wengi wakilipinga, na wengine wakilikubali, bila kujua kinachofanyika darasani. Mwanafunzi wa fasihi anasoma. Anasoma kuliko alivyopata kusoma maishani: riwaya nzima kwa wiki, tamthilia, mashairi, na juu yake vitabu vya wahakiki waliobishana kuhusu hayo. Kisha huandika insha. Hapo haulizwi kama kitabu amekipenda. Anaulizwa kimejengwaje, nani anayesimulia na kwa nini tumwamini, ni lipi lililonyamaziwa, na ni maneno gani ndani ya kitabu yanayothibitisha anachodai. Dai lisilo na ushahidi wa matini hurudishwa na mstari mwekundu. Aliyepata kukaa mbele ya sheikh akasomeshwa kitabu kwa matini na sherehe yake, neno kwa neno, akiulizwa kwa nini hapa pametumika hili na si lile, huyo hataona ajabu kubwa. Ubishi wa kisheria anaoutamani baba kwa binti yake nao umejengwa juu ya ufundi huo huo wa kusoma.

Lakini somo hili lina historia, na mtoto wetu asiingie humo bila kuijua. Wengi wanadhani fasihi ya Kiingereza ni somo la kale lililozaliwa Oxford. Oxford iliifungulia shahada yake mwaka 1894, na Cambridge ikafuata mwaka 1917; kabla ya hapo aliyehesabiwa msomi katika vyuo hivyo alisoma Kilatini na Kigiriki, na vitabu vya Kiingereza alijisomea nyumbani. India, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kufundishwa fasihi hiyo kwa miongo kadhaa. Mwezi Februari 1835, Thomas Macaulay, mjumbe wa baraza lililoitawala India, aliandika waraka mashuhuri juu ya fedha za elimu. Alikiri humo kwamba hajui Kiarabu wala Kisanskriti, kisha akahukumu kwamba maktaba zote za lugha hizo hazifui dafu mbele ya rafu moja ya vitabu vya Ulaya. Alitaka litengenezwe tabaka la watu walio Wahindi kwa damu na rangi, Waingereza kwa fikra na ladha. Serikali ikamfuata, na fedha zikaelekezwa kwenye Kiingereza. Msomi wa Kihindi Gauri Viswanathan alikieleza kisa hiki kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 1989: serikali ile ilisita kuhubiri Biblia waziwazi kwa kuogopa ghasia, ikaona kwamba Shakespeare na wenzake wangeweza kuifanya kazi ya kumlainisha mtawaliwa bila kelele.

Kwa hiyo baba anayehofia kwamba somo hili linaweza kumgeuza mtoto haoti ndoto za mchana. Mwanzoni lilikusudiwa kugeuza.

Hata hivyo chombo si lazima kibaki mikononi mwa aliyekichonga. Mwezi Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliwasilisha hoja kwamba Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake iwekwe idara ambamo Afrika ndiyo kitovu, na fasihi simulizi za watu wetu zisomwe kwa uzito uleule. Hoja ilizua mjadala mkali, na matunda yake ni idara za fasihi tulizo nazo Afrika Mashariki hivi leo, ambamo Shakespeare yumo, lakini ni mgeni mmoja miongoni mwa wageni. Mtoto wa HKL ameyaonja matunda hayo bila kujua: kwa miaka mingi wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita nchini wamesomeshwa Chinua Achebe na Francis Imbuga.

Tuje sasa kwenye uandishi bunifu, ambao ni mgeni zaidi na unaotiliwa shaka hata na walimu wenyewe. Je, mtu hufundishwa kuandika hadithi? Marekani, Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936. Uingereza ilichelewa hadi 1970, pale waandishi Malcolm Bradbury na Angus Wilson walipoifungua shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha East Anglia, mjini Norwich. Mwanafunzi wao wa kwanza alikuwa Ian McEwan. Miaka kumi baadaye akahitimu hapo Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki aliyehamia Uingereza akiwa na miaka 5, ambaye mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Nobel.

Ishiguro, kabla ya Norwich, alisoma shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Kent kule Canterbury. Na katika chuo hicho hicho cha Kent, mwaka 1982, alipata shahada ya uzamivu kijana wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, aliyekuja kupewa tuzo hiyo hiyo mwaka 2021. Chuo kimoja, washindi wawili wa Nobel. Mmoja alipitia darasa la uandishi bunifu, mwingine alikuwa msomaji na mwalimu wa fasihi ambaye riwaya zake aliziandika kando ya kazi. Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa na umri wa miaka kama 18, baada ya Mapinduzi. Alianza kuandika akiwa na miaka 21, na riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1987, yaani baada ya takriban miaka 18 ya kuandika na kufuta. Hakuweza kurudi nyumbani hadi 1984, akamwahi baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Mzazi anayedhani uandishi ni njia ya mkato ya mvivu na ayasome maisha hayo.

Wapo pia wasioipitia njia yoyote kati ya hizo mbili. M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, alisomea fizikia ya nyuklia. Leila Aboulela wa Sudan, mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Caine mwaka 2000, alisomea takwimu. Kwa hiyo binti asidhani akinyimwa kozi hii amenyimwa kalamu, wala baba asidhani akimpeleka sheria kalamu ataiacha.

Ndani ya darasa la uandishi bunifu hukaa wanafunzi kama kumi au zaidi kidogo, wakizunguka meza. Wiki moja kabla, mmoja wao amewagawia wenzake hadithi yake. Siku ikifika, wenzake huizungumza hadithi hiyo mbele yake: hapa tumechoka, hapa hatukuamini, huyu mama mbona hasemi, mwisho umekuja haraka. Kwa desturi ya muda mrefu mwenye hadithi hunyamaza kimya muda wote huo, na kauli yake huja mwishoni au isije kabisa. Mwalimu huongoza. Mwisho wa muhula mwanafunzi hukabidhi mkusanyo wa kazi zake alizozirekebisha, pamoja na insha ya kueleza alivyozifanya.

Faida yake ni ya kweli. Kijana anapata wasomaji makini kumi wasio ndugu zake, anapata tarehe ya kukabidhi isiyosogea, na anajifunza kufuta. Nyumbani tunawasifu watoto wetu au tunawanyamazia. Yote mawili hayamkuzi mwandishi.

Hasara yake ndiyo hatujaona ikizungumzwa katika lugha yetu. Tuchukulie binti huyu amefika kwenye meza hiyo katika mji wa Kizungu na hadithi kuhusu mjane aliye katika eda. Wenzake hawajui eda. Watamwuliza ni nini, na hilo ni haki yao. Kisha mmoja atauliza kwa nini mjane huyu hakasiriki. Mwingine atasema hadithi ingepata nguvu kama angetoroka. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, atasema angependa kuona zaidi jinsi mila inavyomkandamiza. Naye, kwa desturi ya darasa, amenyamaza. Mara ya kwanza atatoka ameudhika. Mara ya tano atakuwa ameshajua hadithi ipi inasifiwa, na mkono wake utaanza kuiandika kabla hajauamuru. Hakuna aliyemwambia aache dini yake. Amefundishwa tu kuitazama sebule ya mama yake kwa jicho la mpita njia. Mwandishi Matthew Salesses, Mmarekani mwenye asili ya Korea, aliliandikia jambo hili kitabu mwaka 2021, akionesha kwamba zile ziitwazo kanuni za ufundi katika warsha hizo mara nyingi ni mazoea ya aina moja ya wasomaji, na akapendekeza njia nyingine za kuendesha darasa, ikiwemo kumwachia mwandishi nafasi ya kusema. Binti na alijue jina hilo kabla ya kupanda ndege.

Dawa yake si kukaa nyumbani. Gurnah amewahi kueleza kwamba wachapishaji wa Kiingereza hupenda neno la kigeni liwekewe herufi za mlazo au faharasa nyuma ya kitabu, naye hulikataa hilo. Riwaya za Leila Aboulela nazo zina wanawake wanaoswali, na katika *The Translator* ya mwaka 1999 mjane wa Kisudani aishiye Aberdeen anashikilia kwamba mwanamume anayempenda asilimu kwanza ndipo waoane. Imani humo ndiyo mhimili wa kisa, na kitabu kimesomwa na kuheshimiwa na watu wasio wa dini hiyo. Yawezekana, basi. Ila humtaka mtu aliyekwenda akiwa na kitu, kwa sababu meza ile hunoa kilicholetwa. Haimpi mtu cha kuleta.

Baba ameuliza pia, kwa haya ya mzazi, kuhusu yale yaliyomo ndani ya vitabu: ulevi, zinaa, kufuru. Hatutamficha, yamo. Yalikuwamo hata katika vitabu vya tahasusi alivyomnunulia mwenyewe. Lakini tunakumbusha kwamba wafasiri wa Qur'ani, walipotaka kuthibitisha maana ya neno, waliyarejea mashairi ya zama za Ujahilia, ambayo ndani yake kuna mvinyo na wanawake, na hawakuhesabiwa kuwa wameyaridhia. Wanaopenda kutaja aya za mwisho za Sura ya Washairi waisome sura hadi aya ya mwisho kabisa, wakaone waliotolewa katika lawama. Hassan bin Thabit alikuwa mshairi na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsikiliza. Na hapa kwetu, Mwana Kupona wa Pate alipotaka kumuusia binti yake, mwaka 1858, aliyatia maneno yake katika utenzi. Nyumba zetu hazikuanza jana kuwa na waandishi, wala si wanaume peke yao.

Tena tunasema, kwa wanaotaka kumjua Gurnah: kamati iliyompa tuzo ilitaja sura za Qur'ani na visa vya Alfu Lela Ulela miongoni mwa chemchemi za mwanzo za uandishi wake. Riwaya yake *Paradise* ya mwaka 1994 inamhusu kijana aitwaye Yusuf, anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake. Anayeijua Sura ya Yusuf ataisoma riwaya ile na kuona mengi ambayo mhakiki wa London huelezwa katika tanbihi. Mtoto aliyepitia chuoni kwa maalimu haingii mikono mitupu katika darasa la fasihi ya Kiingereza. Ana matini moja aliyoisoma kwa moyo na kwa sauti tangu utotoni, jambo ambalo wenzake wengi hawana.

Linabaki la yule bibi. Baba hakuliuliza, na sisi tumeliona kuwa ndilo zito kupita yote mawili.

Mwezi Juni 1962, waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere katika mkutano uliosifiwa sana. Sharti lilikuwa kwamba uwe unaandika kwa Kiingereza. Ndivyo mkutano ulivyoitwa. Ngũgĩ, wakati huo mwanafunzi, alikuwapo. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, tenzi, insha na riwaya kwa miaka zaidi ya ishirini, hakuwa na kiti kwa sharti lile, na alifariki mwezi huo huo. Ngũgĩ alilikumbuka hilo baadaye na likamkera. Baada ya kufungwa gerezani kwa mwaka mzima kuanzia mwisho wa 1977, aligeukia Kikuyu, na riwaya yake ya kwanza kwa lugha hiyo ikatoka 1980. Gurnah, ambaye Kiswahili ndicho alichozaliwa nacho, amebaki na Kiingereza. Hatumlaumu, mtu aliyeishi ugenini tangu ujana huandika kwa lugha iliyomwokoa. Lakini tuseme kilichotokea Oktoba 2021. Redio zilitangaza, tukapongezana, tukasema mwenzetu. Tulipotafuta cha kusoma kwa lugha ya nyumbani hapakuwa na kitu mkononi. *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, ilitoka mwaka 2022, miaka 28 baada ya riwaya yenyewe. Kisa cha mwambao wetu, chenye Yusuf wetu na misafara yetu, kilitembea dunia nzima kwanza, ndipo kikabisha hodi kwetu.

Hili halitatuliwi na chuo. Idara ya fasihi ya Kiingereza, hata iwe nzuri namna gani, itampa binti huyu alama kwa Kiingereza chake tu. Kama Kiswahili chake cha kuandikia hakitalindwa na nyumba, hakuna mwingine atakayekilinda, na katika miaka mitatu kitakuwa kimebaki cha salamu na cha sokoni. Hapa tunaona kosa ambalo ni letu sote wazazi: tunawalipia watoto shule za Kiingereza tangu chekechea, tunajivuna wakikosea Kiswahili mbele ya wageni, kisha tunaogopa chuo kikuu kitawageuza.

Ushauri wetu kwa binti, basi, ni huu. Aende akasome fasihi, na baba ampe radhi. Katika maombi aangalie chuo kinachomruhusu kuchukua masomo ya Kiswahili sambamba, hata kama yatahesabiwa ya ziada, na achukue tafsiri kila inapofundishwa. Kutafsiri ni shule ya uandishi isiyohitaji ada: anayeihamisha hadithi ya mwingine sentensi kwa sentensi hulazimika kujua kila neno limewekwa pale kwa nini. Julius Nyerere aliifasiri *Julius Caesar* ya Shakespeare mwaka 1963, katikati ya shughuli za urais, na mwaka 1969 akatoa *Mabepari wa Venisi*. Katika jina la Kiingereza yumo mfanyabiashara mmoja, yeye akaweka mabepari, wengi, na msomaji akajua mfasiri anasimama upande gani. Binti na aanze na hadithi zake mwenyewe. Achague moja katika yale madaftari, aihamishe kwa Kiswahili, amsomee bibi yake, kisha aandike pembeni kila mahali ambapo bibi alicheka, alikatiza au alisema, "Aa, hivyo sivyo." Hiyo ni warsha, tena mwenye hadithi anaruhusiwa kujibu. Tunakisia, kwa kuwajua mabibi wa mwambao, kwamba itakuwa kali kuliko ya Norwich.

Hadithi zikishakusanyika, zipo tuzo zinazopokea kazi za Kiswahili: ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Kiswahili ya Fasihi ya Kiafrika iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell. Masharti yao hubadilika, naye ayafuatilie kwa mwaka husika.

Kwa baba tuna ombi moja. Kabla ya dirisha la maombi kufungwa, amwombe binti yake amsomee kurasa mbili za hadithi yoyote, kwa lugha yoyote, naye asikilize hadi mwisho bila kumsahihisha, kisha amwulize maswali matatu: hadithi hii umemwandikia nani, kwa nini huyu kafanya vile, na itaendeleaje. Akijibiwa kwa uthabiti, atie saini. Akijibiwa kwa kubabaika, atie saini vilevile, ila amwambie aongeze na ualimu.

Wapo wasomaji waliotuuliza kuhusu vijana wanaochaguliwa vyuo vya mbali na suala la kupanga chumba pamoja nje ya mabweni. Barua zao tumezipata, na hilo ndilo la wiki ijayo, inshaAllah.